Nusu Saa ya Jua Uani

Uani kwa Bibi jua huingia saa sita na dakika kumi mchana, na ikifika saa saba kasorobo limekwisha kupanda ukutani na kwenda zake. Wapangaji wanazijua dakika hizo kama wavuvi wanavyojua maji kujaa na kupwa. Ikikaribia saa sita milango ya korido inafunguka mmoja baada ya mwingine. Mwenye nguo mbichi anatoka na beseni, mwenye mchele wa kupeta anatoka na ungo, mzazi anatoka na kichanga chake akakielekeza mgongo juu. Kamba za kuanikia ni mbili na zina zamu. Saa nyingine zote ua ule una mwanga wa chini ya kitanda.

Ukisimama katikati ya ua na kuinua uso, sababu unaiona. Mashariki kuna ghorofa tisa. Magharibi kuna ghorofa kumi na moja, ukuta mtupu wa tofali ambazo hazikupigwa lipu, zege limechuruzika na kugandia kwenye maungio, dirisha hata moja hakuna. Aliyejenga hakuona haja ya kuupamba ukuta huo, maana alihesabu kwamba na hapa kwa Bibi litapanda ghorofa liufunike. Nilijaribu kupitisha mkono kati ya ukuta huo na mabati ya Bibi. Kiwiko kiligota.

Nyumba iko Kariakoo, mwendo wa dakika chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Jina la mtaa wake silitaji, kwa kuwa mwenyewe hajaamua, na Kariakoo nyumba ambayo mwenyewe hajaamua hupigiwa hodi na madalali kutwa. Mama yangu alipanga chumba humu miaka kumi na moja. Ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa zote hapa: baraza mbele, mlango wa katikati, korido ndefu inayopita hadi nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha ua wenye jiko, bafu, choo, na banda lenye vyumba viwili vilivyoongezwa baadaye. Chumba cha kwanza kushoto anakaa Bibi, mwenye nyumba. Vingine vyote wapangaji. Wataalamu wa mipango miji wataiita nyumba ya familia nyingi ndani ya kiwanja kimoja. Sisi tuliiita nyumba ya vyumba sita, ikatosha.

Nilishuka mwendokasi kituo cha Msimbazi Polisi saa tatu asubuhi. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, bahasha ya kaki mapajani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Mama yako hajambo?"

Alipomaliza kuuliza watu wote wa nyumbani kwangu, mmoja mmoja, akaipapasa bahasha. Kuna mwekezaji ameleta ramani. Wajukuu wanamwambia asaini. Kusoma maandishi anajua, alisema, lakini ramani haijui, na anataka asomewe na mtu ambaye hana fungu katika mirathi.

"Ila usinisomee sasa. Nenda kwanza kaione ile nyumba aliyojenga huku nyuma. Panda mpaka juu kabisa. Ukirudi utaniambia wanakaa watu gani."

Nikaondoka.

Mitaa ya Kariakoo imenyooka kama mistari ya daftari la hesabu: Sikukuu, Swahili, Kongo, Nyamwezi, ikakatwa na Mkunguni, Aggrey, Mchikichi, Narung'ombe. Unyoofu huo aliuanzisha Mjerumani. Mwaka 1914 kanuni za ujenzi za Dar es Salaam ziliugawa mji kanda tatu. Ya kwanza ilikuwa ya nyumba za Kizungu, ya pili ya makazi na maduka, ya tatu ya nyumba zilizoitwa za kienyeji. Kilichotajwa ni aina ya nyumba, lakini aliyekuwa na uwezo wa kujenga nyumba ya aina gani kila mtu alimjua, na wenyeji wakazipa kanda zile majina yaliyo wazi zaidi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Waingereza walipouchukua mji Septemba 1916, hapa wakapiga kambi wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na ulimi wa watu ukaliumba jina hilo likawa Kariakoo. Vita vilipokwisha Mwingereza aliendelea na kanda zilezile. Kiwanja cha wazi cha Mnazi Mmoja kiliachwa kitenge Uhindini na Uswahilini, na bado kinatenga, japo leo watu wanakikatiza kwa miguu bila kujua kwamba waliwekewa mpaka.

Nadhani hapo ndipo kosa la kwanza lilipofanyika, na linatutesa mpaka leo. Nyumba ya vyumba sita iliruhusiwa kama kitu cha muda. Miti, udongo, makuti, baadaye mabati, ghorofa moja basi. Haki ya kiwanja nayo ilikuwa fupi, kwa hiyo mtu mwenye akili zake asingeweka humo jiwe la kudumu. Kisha baada ya miongo michache mtawala huyohuyo na waliomfuata wakaziangalia nyumba zile wakasema hizi ni za muda, zimechakaa, ziondolewe. Ziliambiwa ziwe za muda, zikahukumiwa kwa kuwa za muda. Kanuni za ujenzi mijini za mwaka 1930, Sura ya 101 ya sheria zetu, ni za zama hizo, na kwa muda mrefu baada ya uhuru afisa wa halmashauri aliendelea kuzitaja.

Na kumbe ndani ya nyumba hizo ndimo mji ulimolelewa. Aliyetoka Morogoro, Kigoma au Songea akifika Dar es Salaam alipata chumba, hakuhitaji nyumba. Akapata jirani wa kumwelekeza kazi, bomba na msikiti au kanisa. Mwenye nyumba, na baadhi yao walikuwa wanawake waliokwishaachika au kufiwa, akapata kodi ya kumlisha uzeeni. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954 mitaa hiihii, New Street, ambayo sasa ni Lumumba. Mwalimu Nyerere alipoacha kufundisha Pugu mwaka 1955 alikaribishwa nyumbani kwa Abdulwahid Sykes hapahapa Kariakoo. Mkutano wa siasa ulihitaji baraza na korido. Ghorofa za leo hazina baraza.

Nilipita sokoni kwa makusudi. Lile jengo kuu lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa na Mwalimu mwaka 1975. Kuungua kwake usiku wa Julai 10, 2021 kila mtu anakukumbuka. Mimi hupenda kulitazama paa lake, miamvuli mikubwa ya zege iliyopishana kimo. Katika kupishana huko mwanga unaingia na joto linatoka, na maji ya mvua yanateremka kwenye nguzo. Amuli alijua yuko Dar es Salaam, mji wa joto na unyevu, akauliza swali la kwanza ambalo mjenzi wa pwani hutakiwa kuuliza: upepo utapita wapi? Simama chini ya paa lile halafu tembea hatua mia tatu hadi kwenye ghorofa jipya lolote, uulize swali hilohilo.

Ghorofa zilianza kuijaa Kariakoo baada ya milango ya biashara kufunguliwa miaka ya 1980 na 1990. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi laki moja, nyumba za vyumba sita kwa sehemu kubwa hazikufikia kiwango hicho, zikabaki kwa wenyewe. Ndiyo sababu wajane na mayatima wa Kariakoo walijikuta miaka ishirini baadaye wamekalia dhahabu. Mwaka 2002 ukaja mpango wa kuiendeleza upya Kariakoo, ukayapa baraka rasmi majengo marefu yenye maduka chini na makazi juu. Nia haikuwa mbaya. Mji unapanuka, sensa ya 2022 imehesabu watu 5,383,728 mkoani, na hakuna mji unaoweza kuwalaza wote hao chini kwa chini mpaka Chalinze. Kujenga kwenda juu ni lazima.

Lakini hebu tazama hesabu yenyewe. Kanuni ya kiwanja, ukiiondolea maneno magumu, inauliza mambo manne: unakitumia kwa nini, unafunika sehemu gani ya ardhi yake, unapanda juu kiasi gani, na unaacha nafasi gani kati yako na jirani. Chukua kiwanja cha mita za mraba 300. Nyumba ya vyumba sita inafunika zaidi ya nusu, iliyobaki ni ua. Jenga ghorofa tatu juu ya msingi uleule, unapata sakafu mara tatu na ua unabaki. Sasa funika kiwanja chote, pandisha ghorofa kumi, unapata mita za mraba 3,000 na ua umekufa. Jirani naye akifanya hivyo, dirisha lako linatazama tofali. Kila kiwanja kikijihesabia peke yake, upepo ambao ulikuwa wa wote unakuwa si wa mtu. Barabara imebaki na upana wa zamani. Mahesabu ya maji taka nayo yalikuwa ya nyumba za chini, na kona ya Aggrey asubuhi ile nilikuta maji meusi yakibubujika kutoka kwenye mfuniko, wapita njia wakiruka juu ya tofali mbili zilizowekwa daraja.

Nyumba niliyotumwa kuiona ina ghorofa kumi. Kijana mwenye kofia nyekundu ya Simba alinipokea mlangoni.

"Karibu bosi. Fremu au stoo?"

"Natafuta cha kukaa. Chumba."

Alinitazama kama niliyeuliza samaki kwa muuza viatu. "Cha kukaa? Chumba nenda Mbagala, mzee wangu. Hapa kuna flati nzima, na kodi yake mwaka."

Akakubali kunipandisha. Chini ni fremu, kila moja upana wa kitanda na mlango wa kukunja, mizigo imening'inia hadi nje. Ili uingie fremu kama hizo unatoa kilemba kwanza, kodi baadaye. Lifti ilikuwa imejaa maboksi ya vyombo vya plastiki, tukapanda ngazi. Ngazi hazina dirisha, kijana akawasha tochi ya simu. Ghorofa ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita, pande zote ni milango ya flati, ina namba na vitasa vya flati, lakini juu ya kila kitasa limeongezwa kufuli kubwa la stoo. Harufu ni ya raba na karatasi. Nyuma ya mlango mmoja ulioachwa wazi niliona sebule, swichi za taa, sehemu ya jiko iliyowekwa vigae, na ndani yake marobota ya nguo kutoka sakafuni hadi darini. Sinki lilikuwa limefunikwa na marobota. Bomba la sinki hilo nadhani halijawahi kufunguliwa.

Ghorofa ya nane nilikuta kandambili tatu za watoto mlangoni, na mbuzi ya kukunia nazi imeegemezwa ukutani. Nikapiga hodi. Mama aliyefungua alinikaribisha hadi kizingitini. Wanakaa familia mbili tu sakafu ile. Maji hupanda usiku, mchana pampu haina nguvu. Nikamuuliza watoto wanacheza wapi.

"Hapa," akasema, akionyesha kituo cha ngazi. Kulikuwa na alama za chaki sakafuni, mchezo wa kuruka, nyumba nane zimechorwa katika nafasi isiyotosha hata meza ya kulia.

Juu kabisa tulitokea kwenye paa lenye matangi. Kutoka pale Kariakoo yote unaiona, na katikati ya majengo unaona mabati yenye kutu ya nyumba za zamani, kila moja imezama kama jino lililobaki. Nilihesabu kumi na tisa kwa upande mmoja. Ya Bibi niliijua kwa kamba zake mbili.

Kijana wa madalali alinieleza biashara yenyewe kwa uwazi, na namshukuru. Mwenye kiwanja hana pesa ya kujenga. Benki haimpi, ana miaka themanini na hati ya marehemu mumewe. Mwekezaji anakuja na ubia: wewe kiwanja, mimi jengo, utapata flati mbili na fremu moja, mimi nakusanya kodi ya vilivyobaki kwa miaka tutakayokubaliana. Na kwa kuwa mwekezaji lazima arudishe gharama ya jengo lake haraka, hajengi ghorofa tatu. Anajenga kumi. Tena thamani ya Kariakoo iko usawa wa miguu ya mnunuzi. Fremu ya chini inalipa kuliko flati ya juu, ndiyo maana jengo likikosa pa kuongezewa juu, watu huanza kuwaza kuchimba chini.

Aliposema hivyo tulinyamaza kidogo wote wawili. Tulikuwa tunatazama upande wa Mchikichi na Kongo. Jumamosi ya Novemba 16, 2024, asubuhi watu wakiwa madukani, jengo la ghorofa liliporomoka pale, na wiki nzima vijana walichimba kifusi kwa nyundo na mikono, wakiongea na walio chini kwa kupiga kelele kwenye matundu na kuwapitishia maji. Zaidi ya watu 20 walikufa. Serikali iliunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo. Mji huu ulikwisha kuzika kabla ya hapo: Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya mji, likaua watu 36. Kijana aliniambia yeye mwenyewe alibeba ndoo za kifusi pale Mchikichi siku mbili. Kisha akasema anawahi mteja.

Uzembe wa saruji na nondo utazungumzwa na wahandisi, na usiachwe. Mimi nasema juu ya kitu kilichotangulia saruji. Tumeweka sheria ambamo kiwanja cha mjane kina njia mbili tu, kubaki na mabati au kurukia ghorofa kumi. Katikati hapana kitu. Mtu akitaka kupandisha ghorofa mbili juu ya vyumba vyake sita, aongeze vyumba kumi na mbili vya kupangisha na auache ua wake, anatakiwa mchoro wa mbunifu aliyesajiliwa, mahesabu ya mhandisi, upimaji wa udongo, kibali cha halmashauri, karatasi zilezile anazobeba mwenye ghorofa kumi, na gharama zake hazishuki kwa kuwa nyumba ni ndogo. Ningekuwa na sauti katika halmashauri ya jiji ningeomba jambo moja: michoro ya ghorofa tatu iliyokwisha kupitishwa, yenye ua wa lazima na dirisha la lazima kwa kila chumba, mtu aichukue dirishani kwa ada ndogo na mkaguzi aje kila zege linapomwagwa. Hakuna mjane wa kiwanja kimoja aliyeshindwa kuifahamu nyumba ya namna hiyo. Ameishi ndani yake miaka hamsini.

Wenzetu mbali wanahangaika na jambo hili kutokea upande wa pili. Miji mingi ya Marekani ilikataza kwa sheria zaidi ya nyumba moja ya familia moja kwa kiwanja, mpaka makazi yakawa ghali kupindukia. Minneapolis ikaamua mwaka 2018 kuruhusu familia tatu katika kiwanja kimoja, na New Zealand mwaka 2021 ikapitisha sheria ya kuruhusu nyumba tatu zenye kimo cha ghorofa tatu katika viwanja vya miji yake mikubwa. Wanaanza kuruhusu kitu ambacho Kariakoo ilikuwa nacho kabla ya redio kufika, nasi tunakifuta.

Nairobi nayo imetangulia njiani tunakokwenda. Aliyewahi kupita Pipeline, Embakasi, ameona majengo ya vyumba vya kupanga yaliyosongamana hata wapangaji wanawasha taa mchana. Na kwetu, wanaokosa chumba mjini hawayeyuki. Mtaa wa Msimbazi ukiufuata hadi Fire, kisha ukashuka na Barabara ya Morogoro, unafika Jangwani, bonde la mto Msimbazi. Walioshindwa kodi walijenga humo, mafuriko yakawafuata, na mwishoni mwa 2015 tingatinga likawafuata pia, kila ukuta umewekwa alama ya X nyekundu. Ukivuka bonde unakuta Magomeni Kota. Wakazi wake waliondolewa, nyumba zikavunjwa, wakasubiri karibu miaka kumi, kisha Machi 2022 kaya 644 zikarudishwa kwenye majengo mapya palepale. Walisubiri mno. Lakini orodha ya waliokuwamo ilikuwapo, na iliheshimiwa. Hilo la orodha lilinirudia kichwani nikiwa njiani kurudi kwa Bibi.

Nilifika jua likiwa uani. Nguo za watu watatu zilikuwa kwenye kamba, pweza wa kukausha amebanwa pembeni kwa vibanio. Bibi alikuwa amesogeza kigoda katikati kabisa, miguu imenyooshwa juani, macho amefumba. Nikangoja. Mstari wa kivuli ulitambaa kwenye saruji, ukagusa vidole vyake, ndipo akafumbua macho.

"Wanakaa watu gani?"

Nikamwambia. Marobota, maboksi, familia mbili, watoto wa kwenye ngazi.

Akanipa bahasha. Tulitandika ramani kwenye mkeka, tukaibana kwa kinu na sufuria. Nikamwonyesha kwa kidole. Hapa chini, fremu kumi na sita. Hii nayo ni sakafu ya chini ya ardhi, fremu nyingine. Ghorofa ya kwanza na ya pili, fremu. Ya tatu hadi ya saba imeandikwa makazi. Ya nane na ya tisa, makazi. Flati zako mbili ni hizi, ya nane. Nikamwambia pia kwamba tangu mwaka 2008 kuna sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, flati inaweza kuwa na hati yake yenyewe, na kwamba karatasi hii haisemi popote kuwa atapewa hati hiyo. Asisaini mpaka iandikwe, na mwanasheria awe wa kwake, si wa kuletewa.

"Mpaka wa huku, wameacha kiasi gani?"

Nilitafuta namba. Mstari wa jengo na mstari wa kiwanja ulikuwa mmoja, pande tatu.

"Na ua?"

Kulikuwa na mraba mdogo katikati, umeandikwa shimo la hewa. Nikaupima kwa rula ya mjukuu wake: mita moja na nusu kwa mbili. Bibi akautazama, kisha akatazama kamba zake, akipima kwa macho.

"Wapangaji wangu wako wapi hapo?"

Nikamwambia hawamo. Sheria iliyomlinda mpangaji, ile ya udhibiti wa kodi za pango, ilifutwa mwaka 2005. Wakipewa notisi wataondoka.

Alikaa kimya. Chumba cha pili mtu alikuwa anashona kwa cherehani, sindano ikigonga, ikasimama, ikagonga tena. Kisha Bibi akaigeuza ramani upande wa nyuma, mweupe, akanipa kalamu iliyokuwa imefungwa kwenye pindo la khanga pamoja na noti.

"Andika. Chumba cha pili, fundi cherehani na mke wake, miaka tisa. Cha tatu, muuza kahawa. Peke yake, miaka kumi na minne, hajawahi kukosa kodi. Cha nne, wale wasichana wawili wa dukani Kongo. Cha tano, mama Tanga na watoto watatu. Cha sita, mwalimu. Banda la kwanza, yule kijana wa mizigo, huyo ananidai, mimi ndiye ninayemdai yeye? Hapana, yeye ananidai, alinitengenezea paa. Andika hivyo hivyo. Banda la pili, kichanga na wazazi wake. Kichanga nacho kihesabu."

Nilihesabu, watu kumi na tano pamoja naye. Nikaandika jumla na kuipigia mstari. Akaniambia niiandike kubwa zaidi, na kwa herufi za kusomeka, kwa sababu mwekezaji anakuja Alhamisi baada ya laasiri, na karatasi atapewa ikiwa imegeuzwa upande huu.

Mama wa kichanga alikuja kutoa nguo kambani. Zilikuwa bado na unyevunyevu kwenye mishono. Akazikunja hivyohivyo akaingia nazo ndani.